UZI: Mzee wangu wa tezi dume, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Mliopitia hili njooni

#1 Mpasua_Nazi (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya miaka mingi, leo limenifika, naomba mnisogelee.

Mzee wangu ana miaka 69, tunakaa Tanga. Mwaka 2022 alikutwa na saratani ya tezi dume. Walimtoa korodani ili kukata homoni, halafu 2023 akaenda Dar, Ocean Road, kupigwa mionzi ya nyonga. Wiki saba na ushee, Jumatatu mpaka Ijumaa, akifikia kwa shangazi Buguruni. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka vizuri na bado ipo chini. Kwa hiyo upande wa saratani yenyewe tulikuwa tumeshaanza kupumua.

Sasa yapata miezi minne miguu inavimba. Ilianza vifundoni jioni, akilala asubuhi imenywea. Siku hizi hainywei yote. Ukimvua soksi unakuta alama ya mpira imezama kama palifungwa kamba. Wa kushoto umezidi wa kulia. Viatu vyake vya Ijumaa havimwingii, anaenda msikitini na ndala, na huyu ni mtu aliyekuwa karani bandarini miaka mingi, suruali haitoki nyumbani bila mkunjo wa pasi. Wiki iliyopita hakwenda kabisa. Alisema kichwa kinamuuma.

Tuliyofanya mpaka sasa: mama anamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi na mwarobaini. Jirani mmoja kasema ni matende. Mwingine kasema kakanyaga kitu, tumpeleke Pangani kwa mtu anayemjua yeye. Mimi msomi nikaenda duka la dawa, nikaeleza, nikauziwa vidonge vya kukojoza, Lasix. Siku ya tatu mzee kaamka alfajiri kwenda msalani, akaanguka. Hakuumia, ila nilitetemeka, nikavitupa. Kliniki yake ni wiki tatu zijazo.

Nisubiri au nifanyeje?

#2 Kaa_Mkao

Natandika mkeka hapa. Ngoja waje wataalamu. Pole sana mkuu.

#3 Mizizi_Halisi

Mkuu hiyo ni sumu ya mionzi imeshuka miguuni. Nina unga wa mizizi kumi na mbili, siku saba tu atavaa viatu. Njoo faragha. [namba ya simu imeondolewa na msimamizi]

#4 Sista_wa_Zamu

Nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka kumi na tisa, kwa hiyo nitaongea kama mtu aliyeishika miguu hiyo kwa mikono yake. Mizizi kumi na mbili iache. Mgonjwa wa saratani hujui figo zake zimebeba nini mpaka leo, usimwongezee mzigo usio na jina.

Mwanangu, kuvimba si ugonjwa mmoja. Watu watano wa tezi dume wanaweza kukaa benchi moja na miguu imevimba, na kila mmoja ana sababu yake, na dawa ya huyu ikamuumiza yule. Ndiyo maana Lasix ilimwangusha baba. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote naomba majibu:

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka kumi, achia. Kinabaki kishimo? Anapumua vizuri akilala chali au anataka mito mitatu? Uso unavimba asubuhi? Mkojo unatoka kama kawaida au umepungua? Kigimbi cha kushoto kina moto, kinauma akikanyaga? Na uniandikie dawa ZOTE anazomeza, hata za magoti, hata alizopewa na jirani.

Wakati unajibu, shika haya ya kutosubiri kliniki. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ndani ya siku moja mbili, una joto na unauma kwenye kigimbi: hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Akianza kuhema au kifua kumchoma, usingoje hata kuche. Ngozi ikiwa nyekundu, ya moto, na homa juu: siku hiyohiyo. Na hili watu hulichanganya na kuvimba: miguu ikikosa nguvu, ikifa ganzi, mgongo unauma na mkojo hautoki, hiyo haihusiani na maji, ni uti wa mgongo unabanwa. Hapo ni kukimbia. Ukichelewa anaweza asitembee tena.

#5 Mpasua_Nazi

Shikamoo sista. Nimefanya ulivyosema, mzee kanitazama kama nimerukwa na akili, lakini kanipa mguu.

Kishimo kinabaki. Wa kulia kinazama vizuri na kurudi polepole. Wa kushoto kinazama kidogo tu, nyama yake ngumungumu, hasa juu ya unyayo. Analala na mto mmoja. Uso hauvimbi. Mkojo kama kawaida yake tangu mionzi, mara nyingi ila unatoka. Kigimbi hakina moto.

Dawa: amlodipini ya presha, alikuwa anameza miligramu 5, wakamwongezea kuwa 10. Metformini ya sukari. Diklofenaki ya goti, hiyo ananunua mwenyewe. Na panadoli.

Matende je? Huku kwetu wazee wa matende wapo, mtu akiona mguu umevimba hilo ndilo linamjia kwanza.

#6 Sista_wa_Zamu

Marahaba. Umenisaidia sana kuliko unavyodhani. Swali moja: amlodipini iliongezwa lini?

#7 Mpasua_Nazi

Nimeangalia kadi. Miezi mitano iliyopita. Loh.

#8 Sista_wa_Zamu

Ndiyo. Mimi si daktari wake, usimpunguzie hata nusu kidonge kwa maneno yangu, presha ikipanda kwa mtu wa umri huo ni kiharusi. Lakini peleka kadi hiyo kwa daktari WIKI HII, usisubiri hizo tatu. Amlodipini inavimbisha vifundo, na dozi ya 10 inavimbisha kuliko ya 5. Inalegeza vimishipa vidogo vinavyoleta damu, msukumo unaongezeka kwenye vile vyembamba kabisa, maji yanavuja nje na kushuka miguuni. Mwili wenyewe haujajaa maji. Sasa wewe ukampa dawa ya kukojoza, ukamkausha damu huku maji ya miguuni yamekaa palepale. Akiinuka alfajiri, presha inaporomoka, anaanguka. Hujakosa akili, wengi wanafanya hivyo.

Diklofenaki nayo inashika chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, na figo haziipendi. Kwa mwenye sukari na presha ningeshukuru aiache leo, atumie panadoli ya goti huku akisubiri kumuona daktari.

Ule wa kushoto ulio mgumu ni habari nyingine. Limfu ni yale maji yanayotoka kwenye nyama ya mwili na kurudishwa kwenye damu. Mionzi ya nyonga ikigusa tezi za limfu, au zikitolewa kwa upasuaji, njia za kuyarudisha zinapata makovu. Maji yanakwama chini, hasa upande mmoja, na inaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya tiba. Kwa hiyo jirani yako wa matende hakuota. Matende ni minyoo inayoletwa na mbu, inaharibu mishipa hiyohiyo ya limfu. Njia zilezile zimeziba, aliyeziziba mwingine. Ila kabla ya kuliita limfu, wamfanyie utrasaundi ya mishipa ya damu ya mguu na ya nyonga, wapime figo, albumini (protini ya damu), moyo. Uvimbe wenyewe wa saratani nyongani unaweza kubana mishipa, au kubana mirija ya mkojo figo zikafeli taratibu. PSA ikiwa chini hilo linakuwa mbali, lakini tunaangalia, hatukisii.

#9 Kibokoni_Boy

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nataka kuongeza hapo kwa mguu mmoja, maana sisi tulipuuza. Ami yangu alikuwa akidungwa sindano ya tumbo kila miezi mitatu, zile za homoni. Mguu wa kulia ukafura kutoka goti hadi kidole, siku mbili tu. Kila mtu nyumbani akasema ni baridi, akapakwa mafuta ya karafuu, akachuliwa sawasawa na mchuaji mwenye mikono kama koleo. Siku ya tatu akashikwa na pumzi. Ilikuwa damu imeganda na kipande kimepanda mapafuni. Alilazwa, akadungwa sindano za kuzuia damu kuganda, kisha vidonge miezi sita. Alhamdulillahi yu hai, na hupenda kuisimulia kuliko sisi tunavyopenda kuisikia.

Saratani yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, na tiba za homoni huongeza. Kwa hiyo mguu uliofura ghafla HAUCHULIWI. Hilo tu.

#10 Bwana_Jembe

Nyie mnazunguka. Maji yamejaa, apunguze kunywa maji. Mbona simpo.

#11 Mzee_wa_Kigamboni

Bwana Jembe, mimi nilipunguza maji kwa ushauri kama wako. Nilipata choo kigumu na mkojo wa rangi ya chai, miguu ikabaki palepale. Kupunguza maji ni amri ya daktari kwa wenye moyo au figo, si ya kila aliyevimba. Kinachopunguzwa ni chumvi.

Mpasua Nazi, mimi ni mgonjwa mwenyewe, miaka 66. Nilipigwa dripu sita za dosetaxeli, dawa ya saratani, kila wiki tatu. Miguu ilianza kuvimba baada ya ile ya nne, na kila dripu inaongeza juu ya iliyotangulia. Dawa ile inafanya vimishipa vidogo vivuje. Kumbe vile vidonge vya deksamethasoni nilivyopewa nimeze nyumbani kabla ya dripu havikuwa vya kuzuia kutapika peke yake, vilikuwa vya kuzuia huko kuvimba pia, na mimi dripu ya tatu nilivisahau kwenye suruali nyingine. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, mtu mzima na mvi. Ningesema wangenipangia upya.

Ilichukua miezi kuisha baada ya kumaliza. Niliyojifunza nakupa:

Pima kwa futi ya fundi cherehani. Weka alama ya peni juu ya kifundo, vidole vinne, na nyingine katikati ya kigimbi, upime palepale kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, uandike. Macho yanadanganya. Na mizani: akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hayo si maharage, ni maji, piga simu.

Miguu ikiinuliwa iinuliwe kweli. Kuweka kwenye kigoda ukiwa umekaa haitoshi, inatakiwa iwe juu ya usawa wa moyo. Mimi nalala mkekani, miguu juu ya kochi, nusu saa mchana na nusu saa jioni, wajukuu wanapita juu yangu. Huku napampu vifundo, vidole mbele, vidole nyuma, kama anayekanyaga cherehani. Kigimbi ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, na sisi tuliokatwa homoni misuli inayeyuka, pampu inachoka. Kwa hiyo tembea. Nilikuwa nakwenda kivukoni na kurudi, polepole. Usimwache akae kwenye kiti kibarazani kutwa nzima eti anapumzika.

#12 Mpasua_Nazi

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye chumvi ndipo pana vita. Mzee wa Tanga umwambie aache ng'onda, samaki wake wa kukaushwa kwa chumvi?

#13 Mzee_wa_Kigamboni

Marahaba. Mwambie aroweke usiku kucha, abadili maji mara mbili, aile kwa nazi bila kuongeza chumvi, na isiwe kila siku. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5, hiyo ni kwa kila mtu hata asiyeumwa. Ndani yake hesabu na vile vipande vya kuungia mchuzi. Mke wangu alivitoa jikoni, akaweka ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nagombana na sahani. Baadaye ulimi ulizoea, sasa nikila chipsi za barabarani naona kama nimemeza bahari.

#14 Upepo_wa_Kusi

Naomba kuuliza kwa mjomba wangu. Yeye anameza abirateroni, vidonge vinne vya 250 kwa mpigo, tumbo tupu, na prednisoloni kidogo pembeni. Miguu imevimba na presha imepanda. Kaka yake kasoma kwenye simu kwamba prednisoloni inavimbisha watu, wakaisimamisha tangu Jumamosi.

#15 Sista_wa_Zamu

Mrudishieni leo na mpigie daktari leo. Naandika kwa haraka, nina zamu.

Abirateroni inazuia kutengenezwa kwa homoni ya kiume mpaka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo zikizibiwa njia moja zinamwaga homoni nyingine ya kushika chumvi. Hapo ndipo miguu inavimba, presha inapanda, na potasiamu ya damu inashuka, mtu anakuwa mlegevu na moyo unaweza kudunda ovyo. Prednisoloni kidogo ile ipo KUZUIA hayo. Mmemwachia mwizi mkamfunga mlinzi. Na prednisoloni iliyozoeleka haikatwi ghafla, mwili unaweza kuzimia. Wapime presha na potasiamu. Usimpe Lasix kwa hiari yenu, nayo inashusha potasiamu.

#16 Upepo_wa_Kusi

Nimempigia shangazi sasa hivi. Amerudishiwa. Nimempa na maneno ya mlinzi, kacheka halafu kalia.

#17 Mnyoosha_Viungo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimeona kelele za kuchua nikaingia.

Limfu haichuliwi kama maumivu ya mgongo. Mishipa yake ipo chini kidogo tu ya ngozi, ukikandamiza unaiziba. Mkono unapita mwepesi kama unampapasa mtoto aliyelala, na unaanzia JUU, pajani na kinenani, kufungua njia, ndipo unashuka chini. Afundishwe na anayejua, dakika kumi na tano anafundishika. Maji ya moto hapana, joto linatanua mishipa na kuleta maji zaidi, tena mwenye sukari asiyehisi vizuri nyayo ataungua bila kujua. Mwambie mama kwa adabu.

Bandeji ya kuvuta: kosa ninaloliona kila wiki ni kuifunga ikabana zaidi karibu na goti. Unakuwa umemfunga mtu kamba. Mkazo mkubwa uwe unyayoni na kifundoni, ulegee kadiri unavyopanda. Soksi za kubana za hospitali zimetengenezwa hivyohivyo. Zinapimwa kwa futi, asubuhi, mguu ukiwa umenywea, si kwa namba ya kiatu. Lakini kabla ya soksi kwa mwenye sukari, mapigo ya mguu yapimwe kwanza. Kama damu ya kushuka ni hafifu, soksi kali inaweza kumuozesha vidole. Na mwenye moyo uliochoka tuulize daktari.

#18 Bi_Kidude_wa_Mtaa

Nyie mmeandika vizuri, ila mmeacha jambo, na mimi ni mke wa mgonjwa, nitalisema. Limfu ikikwama nyongani haivimbishi miguu tu. Inavimbisha na huko mbele, mfuko wenyewe na uume. Mume wangu alinificha miezi miwili. MIMI, mkewe wa miaka thelathini na nne. Aliona ni adhabu juu ya adhabu, baada ya homoni kumchukulia mambo yake mengine. Nikagundua kwa sababu alianza kukaa upandeupande.

Mpasua Nazi, baba yako anaumwa kichwa siku za Ijumaa?

#19 Mpasua_Nazi

Bi mkubwa umenipiga kifuani. Sijawahi kufikiria. Lakini mimi namuulizaje baba yangu kitu kama hicho? Hata ile operesheni ya korodani tuliita "operesheni ndogo" nyumbani mpaka leo.

#20 Bi_Kidude_wa_Mtaa

Usimuulize wewe. Hana rafiki wa rika lake? Mtu wa baraza moja, wa kahawa. Huyo ndiye anaweza kumuuliza kwa utani akajibiwa kwa ukweli. Na siku ya daktari toka nje ya chumba, useme umesahau kitu kwenye gari.

Sisi tulisaidiwa na nguo ya ndani ya kubana, yenye kushikilia, badala ya zile pana. Mtaalamu aliweka na kipande cha sponji ndani. Ulipungua, haukuisha. Usafi na kukausha ndiyo mambo.

#21 Kaa_Mkao

Mkeka wangu nimeukunja, sasa nimekaa kama darasani.

#22 Ustadhi_Mdogo

Kuhusu kukausha. Mzee anatawadha mara tano kwa siku, vidole vya miguu vilivyovimba vimebanana, maji hayatoki katikati. Babu yangu alipata fangasi, ngozi ikachanika, vijidudu vikaingia, mguu ukawaka, akalazwa siku tisa. Tangu hapo kuna kitambaa cha pamba pale penye birika, cha kukaushia kati ya vidole, na kila mtu nyumbani anajua si cha mikono. Mafuta anapaka muundi na visigino, kati ya vidole hapana.

Soksi za hospitali ni shida kuvua kila swala. Kupangusa juu ya khofu, zile soksi za ngozi, bila kuzivua kupo, mkazi mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu, ukiwa umevaa na udhu. Kama soksi hizi zinaingia humo au zinahesabiwa kama bandeji ya mgonjwa, amuulize shehe wake, si mimi. Kukaa tahiyatu kwenye kifundo kilichovimba pia si lazima, kiti kinaruhusiwa.

#23 Mpasua_Nazi

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa kimya cha wiki tano.

Tulienda siku ya tatu baada ya uzi. Daktari alisoma kadi, akaibadilisha ile amlodipini kwa dawa nyingine ya presha, akafuta diklofenaki kwa mstari mwekundu. Utrasaundi: hakuna damu iliyoganda, nyongani hakuna uvimbe mpya, mirija ya mkojo ipo wazi. Kreatinini, kipimo cha figo, na albumini safi. Moyo wake, kasema mpimaji, ni wa kijana wa miaka hamsini.

Wa kulia ulianza kunywea wiki ya kwanza, wiki ya pili ulikuwa mguu wa mtu. Hivyo tu, kidonge. Nikikumbuka nilivyomkausha kwa Lasix nakosa usingizi.

Wa kushoto ndio limfu. Hautaisha, tuliambiwa wazi, unatunzwa. Fiziotherapia mara mbili kwa wiki, bandeji za tabaka kwanza, ndipo soksi. Kwa futi: juu ya kifundo ulikuwa sentimita 29.5, sasa 26.5. Wa kulia ni 24.

Na lile la Bi Kidude. Nilimtuma mzee mwenzake wa kahawa. Alirudi akaniambia maneno mawili tu, "yupo hivyo". Nilitoka nje siku ya daktari. Nilisahau kitu kwenye gari, na gari hatuna, tulikuja na bajaji. Mzee alinitazama akatabasamu kidogo. Hatujaongea na hatutaongea, ila sasa anakaa sawasawa.

#24 Bi_Kidude_wa_Mtaa

Nimefurahi mpaka nimesimama jikoni. Soksi mnamvalishaje? Maana sisi tulikuwa tunatoka jasho watu wawili.

#25 Mpasua_Nazi

Bi mkubwa hiyo ndiyo kazi ya alfajiri! Mama amekata tamaa, mimi kidole kimepata mchubuko.

#26 Bi_Kidude_wa_Mtaa

Glavu za mpira za kuoshea vyombo. Paka poda kwenye mguu, geuza soksi ndani nje mpaka kisigino, ingiza unyayo kwanza, kisigino kikae mahali pake, halafu upandishe kwa viganja vyenye glavu, usivute kwa kucha. Mkunjo hata mmoja usibaki, unakata ngozi. Nunueni jozi mbili, moja ikikauka kivulini nyingine ipo mguuni. Usiku anavua, ila mtaalamu akisema vingine sikiliza yeye. Baada ya miezi kadhaa mpira unalegea, haibani tena hata kama inaonekana mpya.

#27 Upepo_wa_Kusi

Mjomba naye anaendelea. Potasiamu ilikuwa chini kweli, wakampa ya kunywa. Swali langu kwa Mpasua Nazi: mnasafirije Tanga mpaka Dar na mguu huo? Sisi tunatoka Lushoto na tukifika mguu umekuwa mbao.

#28 Mpasua_Nazi

Soksi anavaa kabla ya kutoka kitandani siku ya safari. Siti ya pembeni mwa njia ili anyooshe mguu, na nikimwomba konda mapema hakatai. Basi likisimama Segera tunashuka wote, hata kama hana haja, tunazunguka basi mara mbili. Ndani ya basi anapampu vifundo, kila tukipita kituo cha mafuta namgusa goti. Maji anakunywa, zamani alikuwa hanywi akiogopa kukojoa njiani. Na tukifika kwa shangazi kabla ya salamu ndefu analala miguu juu ya kochi. Shangazi mwanzoni aliona ni utovu wa adabu, sasa anatandika mwenyewe.

Jambo moja zaidi. Wiki iliyopita alijikata ukucha akachubua, kesho yake kidole chekundu, jioni muundi una joto. Kwa sababu ya uzi huu hatukulala nalo. Viuavijasumu usiku uleule, siku saba, kimetulia. Kucha sasa nakata mimi, mchana, karibu na dirisha.

#29 Mzee_wa_Kigamboni

Na viatu? Hukutuambia mwisho wa viatu.

#30 Mpasua_Nazi

Vya Ijumaa wa kushoto haukuingia, tulijaribu mpaka na kijiko. Nikampeleka kwa fundi wa makubadhi Ngamiani. Kampima miguu yote miwili kwa kamba, hakuuliza chochote, kashona ya kushoto na mkanda mrefu wenye matundu manne, ili uongezwe na kupunguzwa kufuata siku. Rangi moja, nyeusi, mpaka uangalie sana ndipo ujue. Ijumaa alitoka mapema kuliko mwadhini.